Kutembea Mashambani, Milimani na Kwenye Magofu ya Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Uingereza hukaa miaka mingi mjini bila kuvuka viunga vya jiji kwa miguu, kwa sababu wanaamini kwamba mashamba na vilima wanavyoviona dirishani mwa treni ni mali ya watu, na kwamba mgeni hana ruhusa ya kukanyaga huko. Imani hiyo si sahihi, na ndiyo iliyonisukuma kukusanya maswali haya, ambayo nimekuwa nikiulizwa na wanafunzi, wauguzi, madereva, na wazazi waliokuja kuwatembelea watoto wao. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya nadra, na pale ambapo jibu moja linagusa jingine, nimeelekeza swali la kutazama.

## Mambo ya msingi

"Uingereza" inayozungumzwa hapa ni ipi?

Kiswahili hutumia neno Uingereza kwa dola nzima na pia kwa nchi moja ndani ya dola hiyo, yaani England. Majibu yote ya hapa yanahusu England peke yake. Wales inafuata sheria zinazokaribiana nazo, lakini Scotland ina sheria yake ya mwaka 2003 inayompa mtu uhuru mpana zaidi wa kupita na hata wa kulala nje, kwa hiyo usichukue uliyozoea Scotland ukayafanya England, hasa katika suala la kupiga hema.

Mashamba haya si ya watu? Nitapitaje bila kuomba ruhusa?

Ni kweli kwamba karibu kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, awe mkulima, ukoo wa kale, shirika la hisani au serikali. Hata hivyo, juu ya ardhi hiyo zinapita njia ambazo sheria inazitambua kuwa ni za umma kama ilivyo barabara ya lami, na mtandao wa njia hizo katika England na Wales unafikia takriban kilomita 225,000. Njia inaweza kukatiza katikati ya shamba la ngano, ikapita ubavuni mwa nyumba ya mtu au ikavuka uwanja wa kanisa, na wewe una haki ya kuifuata bila kubisha hodi. Shamba likiuzwa, njia inabaki palepale.

Haki ya kutembea katika nyanda za juu ilipiganiwa. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester na Sheffield, walipanda mlima Kinder Scout ambao wakati huo ulikuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege, na watano kati yao wakafungwa jela. Sheria ya mwaka 1949 ilianzisha hifadhi za taifa na ikazitaka halmashauri ziandike njia zote za umma kwenye ramani rasmi. Ninaieleza historia hii kila ninapomwona mgeni akitembea kwa kujikunyata kama aliyeingia nyumba ya watu, kwa sababu anayejua kuwa njia ni haki yake hutembea kwa utulivu, na pia huitunza.

Nitaitambuaje njia ya umma?

Inapoachana na barabara huwa na nguzo yenye kibao. Huko mbele utaona mishale midogo juu ya milango ya mashamba na nguzo za uzio. Mshale wa manjano ni njia ya waenda kwa miguu tu. Wa buluu ni njia ambayo farasi na baiskeli pia wanaruhusiwa. Wa zambarau unaongeza mikokoteni ya farasi. Na mwekundu unaruhusu hata magari. Anayetembea kwa miguu anaruhusiwa kupita katika zote nne. Mara nyingi njia inapofika kwenye uzio hakuna lango, bali kuna vipandio viwili vitatu vya mbao au vya mawe vya kuvukia.

Nikitoka nje ya njia nimevunja sheria?

Inategemea mahali. Sheria ya mwaka 2000 ilifungua milima, nyika za juu zisizolimwa, nyanda za nyasi na ardhi za pamoja zilizosajiliwa, ambako mtu anaweza kutembea popote kwa miguu. Maeneo hayo ni takriban asilimia 8 ya England, na alama yake ni duara la kahawia lenye mchoro wa mtu anayetembea. Nje ya maeneo hayo unatakiwa kubaki njiani. Ukipotea ukaingia shamba la mtu, kwa kawaida hilo ni suala la madai na si la jinai, hata kama kibao kinatishia mashtaka. Mwenye ardhi anaweza kukutaka uondoke, nawe uondoke kwa heshima. Reli na maeneo ya kijeshi ni jambo jingine, kwani huko kuingia bila ruhusa ni kosa la jinai.

Je, hifadhi za taifa za huku ni kama Serengeti au Tsavo?

Hapana, na tofauti hiyo huwachanganya wengi. Hifadhi ya taifa ya England haina geti, haina kiingilio, na ndani yake kuna vijiji, shule, mashamba ya kondoo na vituo vya treni. Ya kwanza ilikuwa Peak District, mwaka 1951, na leo zipo 10 ukihesabu pia Broads, eneo la mito na maziwa ya mashariki. Kinachohifadhiwa ni mandhari yote pamoja na kazi ya mikono ya watu, yaani kuta za mawe, malisho na mabanda ya kale.

## Kujiandaa

Msimu gani unafaa?

Mwezi Mei na Juni, kwa maoni yangu, havina mpinzani. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei sakafu ya misitu ya kale hufunikwa na maua ya buluu, na mbayuwayu wanakuwa wamekwisha kurudi kutoka kusini mwa Afrika. Agosti nyika za juu hugeuka zambarau kwa maua ya vichaka vifupi.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni mwanga. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua linalozama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, na mazoea hayo ni hatari huku. Mwezi Juni jua huzama London baada ya saa tatu usiku, lakini katikati ya Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, na kaskazini mapema zaidi. Safari ya majira ya baridi ianze asubuhi na mapema, na tochi ya kichwani iwe mkobani hata kama una hakika hutaihitaji.

Nivae nini?

Vaa nguo kwa tabaka: fulana ya michezo inayokauka haraka, sweta, kisha koti la mvua lisilopitisha upepo. Usivae jinzi, kwa sababu ikilowa haikauki na hunyonya joto la mwili. Juu ya kilima baridi huongezeka kwa takriban nyuzi 1 kila unapopanda mita 150, na upepo huongeza makali yake, kwa hiyo hali ya hewa uliyoiacha kituoni si utakayoikuta kileleni. Viatu ndivyo vinavyostahili fedha yako ya kwanza, navyo viwe na soli zenye meno, kwa kuwa tope la England lipo hata katika miezi ya kiangazi.

Simu inatosha, au ninahitaji ramani ya karatasi?

Chukua vyote viwili. Mabondeni mtandao wa simu hupotea, na baridi humaliza betri upesi. Ramani bora ni za Ordnance Survey, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1791. Mfululizo wenye jalada la chungwa una kipimo cha 1:25,000, yaani sentimita 4 kwa kilomita 1, nao unaonyesha hadi kuta za mashamba; njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani, na ardhi iliyofunguliwa kwa umma imepakwa rangi ya manjano hafifu. Maandishi ya herufi za kizamani yanaonyesha mambo ya kale kama makaburi, ngome na mawe yaliyosimikwa, na wakati mwingine mimi huchagua safari kwa kuyafuata hayo tu.

Sina gari. Ninaweza kufika?

Unaweza, na baadhi ya matembezi mazuri kuliko yote huanzia mlangoni mwa kituo cha treni. Edale iko kwenye reli kati ya Manchester na Sheffield, Windermere, katika eneo la maziwa la kaskazini-magharibi, ina kituo chake, na Seaford huko kusini iko karibu na magenge meupe ya Seven Sisters. Kwa mabasi, tangu Januari 2025 nauli ya safari moja katika mabasi mengi ya England ina kikomo cha pauni 3. Tatizo ni basi la mwisho: vijijini linaweza kuondoka mapema jioni, na Jumapili lisiwepo kabisa. Andika saa yake kwenye karatasi kabla ya kuondoka, na kumbuka kwamba ratiba huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, hivyo 16:10 ni saa kumi na dakika kumi alasiri kwa hesabu yetu.

Ni gharama kiasi gani?

Kutembea ni bure. Utalipia nauli au maegesho, na viingilio vya baadhi ya magofu na bustani. Mashirika mawili yanashikilia maeneo mengi ya kihistoria: National Trust, iliyoanzishwa mwaka 1895, na English Heritage, inayosimamia zaidi ya maeneo 400 ambayo mengi hayatozi chochote. Uanachama una faida kwa familia inayotoka mara kwa mara. Anayekwenda mara mbili kwa mwaka aachane nao.

## Mahali pa kwenda

Safari yangu ya kwanza iwe wapi?

Ningekupeleka Edale, kijiji cha Peak District. Unashuka kwenye treni, unapita kijijini, unapanda hadi kwenye mgongo wa kilima panapoitwa Hollins Cross, kisha unafuata njia iliyotandikwa mawe hadi Mam Tor, mita 517 juu ya usawa wa bahari. Karibu na kilele utaona matuta ya udongo yaliyojengwa na watu wa zama za kale kuwa boma. Upande wa pili mlima umemeguka, na maporomoko yake yaliharibu barabara ya magari mara nyingi hadi ikafungwa mwaka 1979. Vipande vya lami vilivyopinda bado vipo chini ya kilima. Safari hii ni ya nusu siku, na ndani yake kuna historia, jiolojia na mandhari kwa pamoja.

Kinder Scout yenyewe, mita 636, iko ng'ambo ya bonde hilohilo. Iache kwa safari ya baadaye, kwa kuwa juu yake ni uwanda wa kinamasi ambao ukungu ukishuka hata wazoefu hupoteza mwelekeo. Vivyo hivyo kwa Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote England: urefu wake wa mita 978 unaonekana mdogo kwa mtu wa Kilimanjaro au Meru, lakini watu huokolewa huko kila mwaka kwa sababu ya kudharau idadi hiyo.

Niende Stonehenge au Avebury?

Stonehenge, duara la mawe la kale kusini mwa England, ina sifa inayostahili. Mawe yake makubwa yalisimikwa takriban miaka 4,500 iliyopita, na yale madogo ya kibuluu yaliletwa kutoka vilima vya Preseli huko Wales. Lakini siku za kawaida utalizunguka duara kwa mbali, nyuma ya kamba, pamoja na umati.

Mimi ningechagua Avebury, ambayo iko katika orodha ileile ya Urithi wa Dunia tangu 1986. Duara lake la mawe ni kubwa kuliko jingine lolote duniani, lina upana wa zaidi ya mita 300, na kijiji kizima kimejengwa kwa sehemu ndani yake. Hakuna tiketi ya kuyaona mawe. Unapita katikati yake pamoja na kondoo, unaweka kiganja juu ya jiwe lililosimama hapo tangu kabla ya Roma kuwa mji, na hakuna anayekuharakisha. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Silbury Hill, kilima cha takriban mita 40 kilichojengwa kwa mikono ambacho hairuhusiwi kukipanda, na kaburi la West Kennet, ambalo lina zaidi ya miaka 5,000. Kaburi hilo unaweza kuliingia, na ndani yake sauti hushuka yenyewe.

Ukiwa upande huo, fika pia Uffington, ambako farasi mwenye urefu wa takriban mita 110 amechorwa ubavuni mwa kilima kwa chaki. Umri wake ni kama miaka 3,000. Katika muda huo wote kila kizazi kimelazimika kupalilia na kuongeza chaki mpya, maana kizazi kimoja tu kikiacha, nyasi zinammeza.

Ukuta wa Hadrian unastahili safari ndefu?

Unastahili. Ujenzi wake ulianza mwaka 122 BK kwa amri ya Hadrian, mfalme wa Roma, nao ulikatiza nchi kutoka pwani hadi pwani kwa kilomita 117. Sehemu nzuri kuliko zote iko kati ya Steel Rigg na ngome ya Housesteads, ambako ukuta unafuata kingo za majabali. Kiingilio kinatozwa ndani ya ngome na makumbusho, lakini njia ya taifa inayofuata ukuta, iliyofunguliwa mwaka 2003, ni bure. Usipande juu ya ukuta hata kama unamwona mwingine amepanda. Katika bonde dogo lililo njiani palikuwa na mti maarufu wa mkuyu wa Ulaya, ambao ulikatwa kwa makusudi usiku mmoja wa Septemba 2023. Shina lake limeanza kuchipua, na watu bado husimama pale kimya. Kuhusu wanajeshi wa Kiafrika waliolinda ukuta huu, tazama swali la historia yetu hapa chini.

Kwa nini kuna magofu mengi ya makanisa?

Mengi yalikuwa makao ya wamonaki. Kati ya 1536 na 1540 mfalme Henry VIII alivunja nyumba zote za kitawa, akachukua ardhi na mali zao, na madini ya risasi yaliyoezekea mapaa yakang'olewa, mvua ikamaliza kazi. Nenda Fountains, Yorkshire, iliyoanzishwa mwaka 1132: nguzo na matao bado yamesimama kando ya mto, na chumba kirefu cha chini chenye dari ya matao ya mawe kinakufanya uelewe utajiri uliotokana na sufu ya kondoo.

Na pwani je?

Magenge ya chaki ya Seven Sisters na pwani ya Dorset ndiyo ningeyatanguliza. Pwani ya Dorset na Devon mashariki, yenye miamba inayosimulia miaka milioni 185, imo katika Urithi wa Dunia tangu 2001. Huko Lyme Regis ndiko Mary Anning, binti wa fundi seremala aliyezaliwa mwaka 1799, alikochimbua visukuku vya wanyama wa bahari vilivyobadilisha elimu ya dunia. Onyo moja: chaki humeguka bila ishara. Usikaribie ukingo kwa ajili ya picha, na usikae chini ya genge kula chakula.

Kuna mahali panapohusu historia yetu, Waafrika na Waswahili?

Pako, na ninatamani pangejulikana zaidi. Huko Burgh by Sands, karibu na mwisho wa magharibi wa Ukuta wa Hadrian, karne ya 3 palikuwa na kikosi cha jeshi la Roma cha Wamoor kutoka Afrika Kaskazini. Kwa hiyo ukitembea pale, fahamu kwamba Waafrika walikwisha kukaa katika ardhi hiyo kabla Waanglo, walioipa England jina lake, na Wasaksoni hawajafika.

Kaskazini mwa Nottingham kuna Newstead Abbey, magofu ya kanisa yaliyounganishwa na jumba kubwa, katikati ya bustani na maziwa. Mwaka 1874 walikaa hapo Abdullah Susi na James Chuma, wawili kati ya waliobeba mwili wa David Livingstone kutoka katikati ya Afrika hadi pwani, wakisaidia kuyaweka sawa maandishi yake ya mwisho. Walijenga pia mfano wa kibanda alichofia. Mara nyingi hadithi ile husimuliwa kama ya Livingstone peke yake. Mimi huenda kwa ajili ya hao wawili, na ninapozunguka ziwa nawaza walivyolizungumza kwa lugha yao.

Mahali pa tatu ni pazito. Sunderland Point, karibu na Lancaster, ilikuwa bandari katika zama za biashara ya watumwa. Nje ya kijiji, pembeni mwa shamba linalotazama bahari, kuna kaburi la kijana Mwafrika anayetajwa kwa jina la Sambo tu, ambaye kwa masimulizi ya huko alifariki mwaka 1736 na akazikwa nje ya ardhi ya kanisa. Watoto huacha mawe waliyoyapaka rangi. Barabara ya kufika kijijini hufunikwa na bahari, kwa hiyo soma kwanza jibu kuhusu maji kujaa.

## Adabu na usalama

Adabu za msingi ni zipi?

Lango liache ulivyolikuta: kama lilikuwa wazi liache wazi, kwani huenda mifugo inapita kwenda kunywa maji; kama lilifungwa, lifunge. Rudi na taka zako zote, pamoja na maganda ya machungwa. Usiwashe moto wala jiko la mkaa nyikani, maana udongo wenyewe wa mboji huwaka na kufuka kwa siku nyingi. Katika ardhi iliyofunguliwa kwa umma mbwa afungwe kamba fupi kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai, wakati ndege wanaotaga chini wanapolea. Mkikutana na mtu njiani, salamu fupi ni desturi, jambo ambalo Mswahili hahitaji kufundishwa.

Ng'ombe wako katikati ya njia. Nifanye nini?

Usichukulie jambo hili kwa wepesi, hata kama umekulia ufugajini, kwa sababu ng'ombe hawa hawakujui. Hatari kubwa ni ng'ombe mwenye ndama, hasa ukiwa na mbwa. Zunguka kwa mbali, usipite kati ya mama na mtoto, tembea bila kukimbia. Wakikufuata ukiwa na mbwa, mwachie mbwa kamba, kwani wao wanamtaka yeye na atawashinda mbio. Fahali wa mbegu za maziwa mwenye zaidi ya miezi 10 haruhusiwi katika shamba lenye njia ya umma, na wa mbegu za nyama anaruhusiwa akiwa pamoja na majike tu.

Kuna nyoka au wadudu wa hatari?

Nyoka mwenye sumu ni wa aina moja tu, mwenye mchoro wa zigizaga mgongoni, naye hukimbia akikusikia. Kupe ndiye wa kuangaliwa. Jikague magotini, kiunoni na kwapani ukifika nyumbani, na mtoe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi. Ukiona wekundu unaotanuka kama duara, mara nyingi kati ya wiki 1 na 4 baadaye, nenda kwa daktari na umweleze kuwa uliumwa na kupe, maana ugonjwa wa Lyme hutibika vizuri ukiwahiwa.

Nitajuaje kama maji yatanizingira?

Aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja anajua kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, lakini pwani hizi nyingine zina mchanga wa tambarare ambao bahari huufunika kwa kasi kubwa. Kisiwa cha Lindisfarne, ambako monasteri ilianzishwa mwaka 635 na kushambuliwa na Wavikingi mwaka 793, kimeunganishwa na bara kwa barabara inayozama mara mbili kila siku. Saa salama hubandikwa mwanzoni mwa barabara na huchapishwa mapema. Zifuate hata kama barabara inaonekana kavu, na usiingie kwa kuwa umemwona aliyetangulia akiingia.

Nikipata dharura mlimani nimpigie nani?

Piga 999, omba polisi, kisha sema unahitaji kikosi cha uokoaji wa milimani. Ukiwa ufukweni au kwenye magenge, omba walinzi wa pwani. Waokoaji wa milimani ni watu wa kujitolea na hawatozi malipo. Eleza namba za eneo kutoka kwenye ramani, idadi ya watu na aina ya jeraha. Mtandao ukiwa hafifu unaweza kutuma ujumbe kwa 999, ila lazima uwe umejisajili kabla kwa kutuma neno "register" kwa namba hiyohiyo. Ikishindikana, piga filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Acha pia nyumbani jina la njia na saa ya kurudi.

## Hali zisizo za kawaida

Njia imelimwa au imezibwa. Je, nirudi?

Mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia inayokatiza katikati ya shamba, lakini kwa kawaida anatakiwa kuirudisha ndani ya siku 14 baada ya kuivuruga mara ya kwanza, ikiwa na upana usiopungua mita 1 kwa njia ya miguu. Ukikuta haipo, una haki ya kupita palepale inapooneshwa na ramani, hata kama ni juu ya mazao. Penye kizuizi, kama seng'enge au lango lenye kufuli, unaweza kukizunguka kwa karibu bila kuharibu kitu. Kisha piga picha na uiarifu halmashauri ya eneo, ambayo ina wajibu wa kisheria wa kuiweka njia wazi.

Nimeona bendera nyekundu.

Simama. Ni uwanja wa mafunzo ya kijeshi na risasi ni za kweli. Mfano ni eneo linalozunguka Tyneham, Dorset, kijiji ambacho wakazi wake walihamishwa Desemba 1943 kwa ajili ya vita na hawakurudishwa tena. Shule, kanisa na kuta za nyumba bado zipo, na pamefunguliwa kwa wageni wikendi nyingi. Tazama ratiba kabla, na usiondoke kwenye njia yenye alama wala usiguse chuma chochote.

Ninaweza kulala nje kwa hema?

Kwa jumla hapana, bila ruhusa ya mwenye ardhi. Sehemu za Dartmoor, hifadhi ya taifa ya kusini-magharibi, ndizo za pekee, ambako Mahakama ya Juu ilithibitisha haki hiyo Mei 2025.

Ninaweza kuokota vitu?

Matunda ya porini ya kula nyumbani, kama yale meusi ya michongoma ya Agosti na Septemba, yanaruhusiwa kando ya njia. Kung'oa mmea na mizizi yake bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa. Visukuku vilivyolegea ufukweni huko Lyme Regis huokotwa na wengi, ila usichimbe gengeni. Kutumia kifaa cha kutafuta metali kwenye eneo la mambo ya kale linalolindwa kisheria bila kibali ni kosa la jinai, na droni zimepigwa marufuku katika ardhi ya National Trust bila ruhusa.

Nitasali wapi?

Popote pakavu kando ya njia, pasipozuia wapitao. Beba maji ya udhu na mkeka mwepesi. Kibla kutoka England ni upande wa kusini-mashariki, na dira yako ya matembezi inatosha. Desemba, adhuhuri na magharibi zimekaribiana mno, kwa hiyo panga mapumziko kwa kuzifuata. Lipo pia kundi la Muslim Hikers linaloandaa matembezi ya pamoja yenye nafasi ya sala.

Wenyeji hawatatushangaa?

Katika vijiji vingine utatazamwa, na sitaficha kwamba kutazamwa huko kunachosha. Mara nyingi hakuendi zaidi ya hapo, na salamu yako hulifungua jambo. Wanaopendelea kuanza wakiwa wengi wanaweza kutembea na makundi kama Black Girls Hike, yaliyoundwa kwa sababu hiyohiyo. Ukitakiwa kueleza unachofanya katika njia ya umma, jibu fupi linatosha: unatembea.

Mama amekuja kunitembelea na magoti yake hayawezi vilima. Nimpeleke wapi?

Tafuta reli za zamani zilizogeuzwa kuwa njia. Monsal Trail, katika Peak District, ni tambarare kwa takriban kilomita 13.7 kutoka karibu na Bakewell, haina vipandio vya kuvuka, inafaa kiti cha magurudumu, na inapita juu ya daraja refu la mawe linalotazama bonde la mto Wye. Mahandaki yake yalifunguliwa mwaka 2011 na yana taa mchana. Mvalishe sweta hata ikiwa Julai, kwa kuwa ndani ya handaki hewa ni baridi, na mpe nafasi akae pale daraja linapoanza, kwa sababu kila mzazi niliyemfikisha hapo alitaka kukaa.